Safari ya ghafla kwenda Katavi wakati wa kiangazi: mambo ya kujua kabla ya kuondoka Saza

Mwezi wa saba na wa nane ni wakati wa nafasi kwa wengi wetu huku Songwe. Mahindi yameshavunwa, ufuta umeuzwa, na hata wachimbaji wa Saza hupata siku moja mbili za kupumua. Hapo ndipo wazo huzaliwa ghafla. Watu wamekaa kijiweni Jumatano jioni, mmoja anasema, "Jamani, Nanenane ni Ijumaa. Kwa nini tusichange hela tukaone viboko Katavi?" Kufika Alhamisi, gari limeshapatikana.

Safari ya namna hiyo inawezekana, na kiangazi ndicho kipindi kizuri kuliko vyote cha kuona wanyama. Lakini kinachowaleta wanyama karibu wakati huu ni uhaba wa maji, na uhaba huo huo unaweza kumtesa msafiri aliyeondoka bila hesabu. Makala hii inaeleza kwa nini wanyama huonekana sasa, njia ikoje kutoka Saza, nini cha kubeba, na jambo moja linalotuunganisha sisi na Katavi ambalo watu wengi hawalifahamu.

Kwa nini sasa, na siyo mwezi wa pili

Wenzetu wa Namibia wana hifadhi zilizo ndani ya jangwa lenyewe, na Kenya ina Sibiloi, kandokando ya Ziwa Turkana, ambako mvua ni kitu cha kusubiriwa. Tanzania haina jangwa la aina hiyo. Tulicho nacho ni nchi yenye sura mbili: ya kijani mvua inaponyesha, na ya vumbi tupu kiangazi kinapokomaa.

Huku nyanda za juu kusini na magharibi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Baada ya hapo jua la utosi linahamia kaskazini, mvua inalifuata, na sisi tunabaki na upepo mkavu wa kusi unaotoka kusini mashariki. Ndiyo maana Juni, Julai na Agosti mbingu ni nyeupe, usiku ni baridi, na mchana jua linachoma. Hicho ndicho kipupwe.

Wakati wa mvua, mnyama wa Katavi hana shida ya maji. Kila bonde lina dimbwi na majani ni marefu. Tembo anaweza kuwa mita ishirini kutoka barabarani usimwone. Mwezi wa saba madimbwi yamekauka, majani yamelala au yameungua, na kila mwenye kiu analazimika kufuata maji machache yaliyobaki. Ukikaa mahali pamoja karibu na maji hayo, wanyama watakuja wenyewe.

Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471. Uhai wake unategemea Mto Katuma na mbuga zinazojaa maji wakati wa masika, kama Katisunga, Ziwa Katavi na Ziwa Chada. Kiangazi maziwa hayo hugeuka kuwa nyasi na matope. Katuma nao hupungua mpaka ukabaki kama mnyororo wa madimbwi.

Viboko kwenye matope

Kinachoipa Katavi jina ni viboko wake wa kiangazi. Ngozi ya kiboko hupoteza maji haraka na huungua na jua, kwa hiyo lazima ashinde majini au kwenye tope na kutoka usiku kula majani. Mto ukipungua, viboko waliokuwa wametawanyika hujikuta wote kwenye dimbwi moja. Unaweza kuona mamia yao wamebanana migongo kwa migongo kwenye tope zito, madume yakipigana kugombea nafasi. Harufu utaisikia kabla hujawaona.

Mamba nao wana ujanja wao. Maji yakiisha wanaingia kwenye mapango ya kingo za mto na kutulia humo wakisubiri mvua, wakati mwingine wengi katika pango moja. Mtu asiyejua anaweza kusimama ukingoni, juu kabisa ya pango lenye mamba. Hii ni sababu mojawapo ya kutoshuka kwenye gari mahali pasiporuhusiwa.

Utaona pia makundi makubwa ya nyati, tembo, twiga na pundamilia. Ukiwa na bahati utaona korongo na palahala, swala wakubwa wa misitu ya miombo. Simba huwa hawako mbali na nyati.

Wazee wa Kibende wanasimulia kwamba jina la Katavi linatokana na Katabi, mzimu ambaye makao yake ni kwenye mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi. Watu wamekuwa wakienda pale kuacha sadaka. Ukitoka Saza ukapita Mkwajuni, makao makuu ya wilaya yetu, na ukaishia kwenye mkwaju wa Katabi, utakuwa umesafiri kutoka kwenye mkwaju hadi kwenye mkwaju.

Hesabu ya njia: siku mbili hazitoshi

Hapa ndipo safari nyingi za ghafla zinapoharibika. Watu hutazama ramani kwenye simu, wanaona Katavi na Ziwa Rukwa viko "hapo tu", kisha wanapanga kuondoka Jumamosi asubuhi na kurudi Jumapili jioni. Ziwa liko katikati, na gari lazima lizunguke.

Njia ya kawaida ni Saza, Mkwajuni, Galula, kisha kupanda hadi Mbalizi. Hapo unaingia barabara kuu ya Zambia na kupita Mlowo na Vwawa hadi Tunduma. Njia ya Sumbawanga inachepuka mjini Tunduma, mahali ambapo foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka inaweza kukula saa nzima. Kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ni kama kilomita 223 za lami kupitia Laela. Kutoka Sumbawanga mnashuka bonde la Rukwa hadi Kibaoni, halafu karibu kilomita 70 nyingine hadi Sitalike, penye makao makuu ya hifadhi. Sehemu hii ya mwisho inakatiza hifadhi. Msitegemee lami mwendo wote. Ulizeni madereva wa mabasi Sumbawanga hali ya barabara kabla ya kuendelea.

Kuanzia Tunduma pekee ni zaidi ya kilomita 400. Ukiongeza vumbi la kutoka Saza hadi Mbalizi, foleni ya Tunduma, kula na kujaza mafuta, hesabu saa 12 au 13 kwa safari ya kwenda tu. Kwa hiyo mnahitaji siku tatu kamili:

- Siku ya kwanza: Ondokeni Saza alfajiri. Laleni Sumbawanga.
- Siku ya pili: Ondokeni Sumbawanga saa 11 alfajiri ili mfike Sitalike kabla ya saa 5 asubuhi. Zungukeni hifadhini hadi jioni. Laleni Sitalike, au Mpanda ambayo iko karibu kilomita 40 mbele.
- Siku ya tatu: Rudini kuanzia alfajiri, bila kuingia tena hifadhini.

Kama mna siku mbili tu, msiilazimishe safari hii. Dereva aliyelala saa tatu na kuendesha saa 13 ni hatari kuliko simba. Kwa siku moja, nendeni Ndolezi mkaone Kimondo cha Mbozi, kipande cha chuma kilichotoka angani, chenye urefu wa kama mita tatu. Wakazi wa eneo lile walikuwa wakikifahamu kabla ya wageni kukiandika miaka ya 1930. Mtakwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Jambo la pili ni giza. Msipange kupita kati ya Kibaoni na Sitalike usiku. Tembo na viboko huvuka barabara usiku, na kiboko mweusi kwenye giza humwoni mpaka umemfikia. Ndani ya hifadhi kuendesha usiku hakuruhusiwi. Mageti hufunguliwa saa 12 asubuhi na hufungwa jioni.

Gari na mafuta

Noah au gari dogo linaweza kufika Sitalike kiangazi. Lakini njia za ndani ya hifadhi ni za udongo, na penye mchanga au makorongo gari la chini litakwama. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne ni bora. Kama hamna, ulizeni getini ni njia zipi zinapitika kwa gari lenu, na msitoke kwenye njia hizo.

Kabla ya kuondoka angalieni vitu vitano: spea tairi iwe na upepo, jeki iwepo na ifanye kazi, maji ya rejeta, betri, na taa zote. Vumbi la mwezi wa saba huziba chujio la hewa, kwa hiyo lisafishwe kabla na baada. Jazeni tenki Sumbawanga hata kama mshale uko nusu. Msibebe petroli kwenye madumu ya plastiki ndani ya gari lenye abiria.

Mkataba na mwenye gari uandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: siku ngapi, nani analipa mafuta, nani anagharamia tairi likipasuka, na dereva atalala wapi na kula nini. Ugomvi mwingi wa safari za kuchanga unaanzia hapo.

Getini

Kila Mtanzania aende na kitambulisho cha NIDA. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, na kiwango chake ni kidogo sana kuliko cha mgeni wa nje, ila ni lazima uthibitishe uraia wako. Kibali cha kuingia kinadumu saa 24. Gari nalo lina malipo yake, na kulala ndani ya hifadhi kuna malipo mengine. Fedha taslimu hazipokelewi. Unapewa kontroo namba na kulipa kwa simu au benki. Wekeni salio la kutosha kwenye simu kabla ya kufika, na angalau watu wawili wawe na laini za mitandao tofauti. Viwango hubadilika, hivyo piga simu ofisi za TANAPA au ingia tovuti yao siku moja kabla.

Asiye na hela ya kiingilio naye asikate tamaa. Abiria wa basi la Sumbawanga kwenda Mpanda anakatiza hifadhi akiwa amekaa kwenye kiti chake, na mara nyingi huona wanyama dirishani. Pale Sitalike, kwenye daraja la Katuma, viboko huonekana kiangazi ukiwa kijijini. Ila simama mbali. Kiboko aliyezibiwa njia ya kurudi majini hukimbia kuliko binadamu, na huua.

Ndani ya hifadhi sheria ni chache na zinaeleweka. Baki ndani ya gari isipokuwa mahali palipoandikwa unaweza kushuka. Kutembea kwa miguu ni pamoja na askari wa hifadhi mwenye silaha. Usipige honi, usilishe mnyama, usitupe takataka. Usitupe kichungi cha sigara: majani ya Agosti yanawaka kama karatasi.

Na hili la nyama. Njiani unaweza kuuziwa kitoweo kwa bei ya kutupa. Kukutwa na nyama ya porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kosa hilo halimwangalii aliyeua peke yake; linamfuata na aliyekutwa nayo kwenye buti. Hata mnyama aliyegongwa na gari usimwokote. Toa taarifa kwa askari wa hifadhi.

Baridi, mbung'o na maji ya kunywa

Mtu wa bonde la Songwe amezoea joto. Anaondoka na shati la mikono mifupi, halafu usiku wa Sumbawanga unamkamata. Joto hupungua kwa kama nyuzi sita kila unapopanda mita 1,000, na Ufipa ni nyanda ya juu. Halafu mkishuka bonde la Rukwa joto linarudi. Kwa hiyo bebeni vyote viwili: sweta na blanketi la usiku, na nguo nyepesi za mchana. Watoto na wazee wasipande nyuma ya gari la wazi alfajiri.

Katavi ina mbung'o wengi. Hufuata gari linalotembea na hupenda rangi nyeusi na bluu. Vaa nguo ndefu za rangi ya kaki au ya udongo, na funga vioo wanapozidi. Kuumwa kwao kunauma kweli, na baadhi hubeba vimelea vya malale. Ukipata homa, kichwa kikali au kidonda pale ulipoumwa, hata wiki kadhaa baada ya safari, nenda zahanati na umwambie mganga, "Nilikuwa hifadhini, niliumwa na mbung'o." Usipomwambia, anaweza kuishia kupima malaria tu.

Maji ya kunywa: hesabu lita tano kwa kila mtu kwa siku. Watu sita kwa siku mbili za mwisho ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Inaonekana ni mengi mpaka gari likwame saa nane mchana. Usinywe maji ya Katuma kiangazi. Viboko wanashinda humo. Simu zichajiwe, na mtandao hukatika porini, kwa hiyo mwacheni mtu nyumbani anayejua mmekwenda wapi na mtarudi lini. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Maji ya Katavi na maji ya Saza

Ukisimama juu ya lile dimbwi la viboko, swali la kawaida ni: maji mengine yamekwenda wapi? Kiangazi ni jibu la nusu. Nusu ya pili iko juu ya mto. Kabla Katuma haujaingia hifadhini, unapita kwenye mashamba. Wakulima wa mpunga walijenga mabanio ya kuyakinga maji, misitu ya milimani imekatwa, na mifugo imeongezeka kingoni. Kila mmoja ana sababu yake, na mpunga ni chakula. Lakini vikijumlishwa, mto unafika hifadhini ukiwa umechoka mapema kuliko zamani.

Hali hii imeonekana pia kwa majirani zetu wa Usangu. Ruaha Mkuu, mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha mwaka 1993, na chanzo kikubwa kilikuwa maji yanayochotwa kwa umwagiliaji juu yake. Maumivu hayakuishia kwa wanyama, maana mto ule ndio unaoelekea bwawa la umeme la Mtera.

Na sisi wa Saza? Maji ya Katuma yakitoka Katavi huingia Mto Kavuu na kuishia Ziwa Rukwa. Maji ya Songwe, ule mto mnaouvuka kule Galula, nayo huishia Ziwa Rukwa. Kwa maneno mengine, kiboko wa Sitalike na mkazi wa Saza wako bonde moja. Ndiyo maana Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa, yenye ofisi yake Mbeya, inashughulikia pande zote mbili.

Ziwa hilo halina mto wa kutoka. Maji huondoka kwa kukaushwa na jua, na kila kilichoingia nayo kinabaki: chumvi, udongo wa mashamba, na zebaki inayomwagwa kwenye vijito wakati wa kuosha dhahabu. Hakuna bahari ya kuyabeba mbali. Samaki tunayemnunua sokoni akitoka Rukwa ametoka kwenye maji hayo hayo.

Kwa hiyo mkirudi Jumapili usiku na vumbi kwenye nywele, na picha za viboko zimejaza simu, jambo la kuongea kijiweni Jumatatu halitakosekana. Anzeni na dimbwi lile la Katuma. Kisha ulizeni nani anachimba kingoni mwa kijito chenu, nani anamwaga nini humo, na kamati ya maji ya kijiji ilikaa lini mara ya mwisho. Kiangazi kijacho kitafika tena mwezi wa saba.